Mto wa Kijani wa Mama Foronya

Ukijikuta kwenye foleni ya benki na nyuma yako amesimama mama mfupi mwenye futi ya kushonea shingoni, ujue umeshapimwa. Macho yake yameanzia kisiginoni, yamepanda hadi utosini, yameshuka tena na kutulia kiunoni, na kabla hujafika dirishani ameshajua unahitaji mto wa inchi ngapi ili uone mbele ukikaa kwenye kiti cha ndege ndogo. Wewe huna habari. Umekuja kutoa hela zako tu.

"Samahani mwanangu," atakwambia, "paa la nyumba yako umeshawahi kuliona?"

Utamjibu kwamba ndiyo, nani asiyeliona paa lake.

"Kwa chini," atasema. "Umelijenga kwa jasho lako, na maisha yako yote unaliangalia kwa chini kama mende. Njoo Jumamosi."

Watu huja. Wamekuja kutoka foleni za benki, kutoka saluni, kutoka harusini, na mmoja alitoka msibani, ingawa Mama Foronya anasisitiza kwamba alisubiri watu wamalize kuzika. Walipofika walikuta chuo cha urubani ambacho mtu angeweza kukipita akidhani ni ghala la mbao: banda la mabati lenye ndege mbili za viti vinne, njia moja ya changarawe ya kurukia, soksi ya upepo iliyotiwa viraka, na ofisi ya chumba kimoja yenye benchi, birika, rafu ndefu na cherehani ya kukanyaga karibu na mlango.

Cherehani ndiyo iliyomleta. Miaka kumi na minane iliyopita panya walitafuna viti vya ndege zote mbili, akaitwa kuvishona upya. Kazi ya siku nne. Ya tano akaonekana yupo, akishona mapazia. Ya sita akapika chai, na mtu akampa ufunguo wa ofisi amshikie. Hakuna anayekumbuka aliajiriwa lini, na yeye hapendi kuulizwa.

Mito nayo, kwa wanavyojua watu, ilianza na kinyozi. Alikuwa mtu wa kimo cha kutosha kwa kinyozi, lakini akikaa kwenye kiti cha rubani alikuwa akiona saa na vipimo tu, mbele haoni. Mama Foronya akamshonea mto. Kikawa kitu cha kila mwanafunzi tangu hapo, mrefu kwa mfupi, maana warefu nao waliona wivu. Na kukawa na sheria, ambayo aliitunga yeye na hakuna aliyethubutu kuipinga. Mto unakaa rafuni, una kikaratasi cha mwenyewe kilichobanwa kwa pini, na hautoki pale kwenda nyumbani mpaka siku mwenyewe atakapoirusha ndege peke yake, bila mwalimu pembeni. Siku hiyo anakabidhiwa. Mito sabini na mmoja ilikuwa imeshatoka. Rafu ikijaa sana, Mama Foronya alinuna, akasema wanafunzi wa siku hizi wanakuja kunywa chai.

Mwisho wa rafu, upande wa dirisha, ulikuwapo mto mmoja wa mahameli ya kijani, wa inchi tano, usio na kikaratasi. Ulipanguswa vumbi kila Ijumaa. Mtu akiuliza ni wa nani, Mama Foronya alijibu bila kuinua kichwa kwenye cherehani.

"Wa mwanafunzi mmoja aliyesafiri. Atarudi."

Kwa waliojaa hofu alikuwa na dawa yake. Alikaa nao kwenye benchi, akawapa chai yenye sukari nyingi, akawasimulia alivyopanda ndege yeye mara ya kwanza. Jinsi tumbo lilivyopinduka juu ya shamba la mahindi, jinsi alivyotafuta mfuko akaukosa, na jinsi alivyofungua mkoba wake mwenyewe akatapikia humo humo, juu ya kitambulisho, juu ya funguo, juu ya picha ya mama mkwe. Hapo kwenye mama mkwe ndipo watu walipocheka mpaka wakasahau kuogopa, na mwalimu akawachukua hivyo hivyo wakiwa bado wanafuta machozi. Hadithi ile imerusha watu wengi kuliko petroli.

Sasa tuseme ukweli, maana mwenyewe hayupo hapa kutusikia. Mama Foronya hakuwahi kupanda ndege hata siku moja.

Mkoba ulikuwa wa muuza nyama, mwanafunzi wa pili katika historia ya mito, na mama mkwe vile vile ni wa muuza nyama. Mama Foronya aliiazima hadithi siku moja ili kumtuliza mwalimu wa hesabu aliyekuwa akitetemeka, ikafaa, na kitu kinachofaa ni vigumu kukirudisha. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Hawakumjua huyu. Yake ilikuwa na miaka kumi na minane na bado inaendelea.

Si kwamba hakujaribu. Siku ile ya nne, alipomaliza kushona viti, Mwalimu, yule wa urubani, alimwambia akae mbele wazunguke mara moja, ajionee kazi yake ikiwa hewani. Mwalimu alikuwa mtu mwembamba mwenye maneno machache, kana kwamba kila neno analilipia. Mama Foronya akakaa, akafungwa mkanda, injini ikawashwa, wakaenda taratibu hadi mwanzo wa njia. Mwalimu alipotaka kuongeza moto, mama akamshika mkono.

"Mwalimu," akasema, "nimeacha pasi kwenye umeme."

Mwalimu akamtazama. Akatazama mbele. Akaigeuza ndege, wakarudi bandani.

"Nitapanda siku nyingine," mama alimwambia akishuka. "Ila na wewe tu, si na mwingine."

"Sawa," alisema Mwalimu.

Pasi ilikuwa kabatini tangu Jumanne, imezungushiwa waya wake. Jioni ile Mama Foronya alikata kipande cha mahameli ya kijani, akajipima, akashona mto wa inchi tano. Ndiye mwanafunzi aliyesafiri. Mwalimu hakuwahi kumwambia mtu, na hakuwahi kuuliza habari za pasi.

Mtu mwingine aliyejua ni mumewe, dereva wa malori aliyestaafu, naye alikuwa na sababu zake za kunyamaza. Mkewe alishamvuta uwanjani mwaka mmoja ajifunze. Mzee alikaa kwenye kiti cha rubani kama mwenye nyumba, akasema miaka thelathini ya malori haimshindi kidude hiki. Kitu ambacho madereva hukosea, na hukosea wao tu, ni kwamba ndege ikiwa chini huigeuzi kwa usukani, unaigeuza kwa miguu, kwa pedeli mbili zilizo chini. Mwalimu alimweleza. Mzee akaitikia. Ndege ilipoanza kuelekea kushoto, mzee akakamata usukani akaukata kulia kwa nguvu zake zote, na ndege, isiyo na hili wala lile, ikaendelea kushoto mpaka kwenye majani, ikasimama hatua mbili kutoka kwenye uzio.

"Usukani wa maonyesho," alisema mzee, akashuka, hakurudi tena. Tangu siku hiyo ndani ya nyumba yao hapakutajwa majani wala pasi. Ndoa nyingi zimejengwa juu ya mambo madogo kuliko hayo.

Basi mwaka huu mambo mawili yakaja pamoja. La kwanza, Mwalimu alitangaza kwamba mwisho wa mwezi anastaafu. Alitangaza kwa maneno manne, akaenda kukagua mafuta. Mwalimu mpya aliletwa kutambulishwa, binti mrefu wa miaka ishirini na tisa, mchangamfu, anayetafuna jojo hata akiongea kwenye redio. Mama Foronya alimpima kwa macho, akaona hahitaji hata nusu inchi, akamchukia kidogo. Usiku alikaa kitandani akihesabu kwa vidole. Jumamosi nne. Aliahidi kupanda na Mwalimu tu, si na mwingine, na Mwalimu alikuwa amebakiza Jumamosi nne. Aligundua, kwa mshangao, kwamba miaka yote hiyo alikuwa akiamini kabisa kwamba atapanda.

La pili lilikuwa mkunga.

Mama Foronya alimpata saluni, chini ya kikaushio cha nywele, mahali ambapo mtu hawezi kukimbia. Mwanamke wa miaka hamsini kasoro, mkunga wa hospitali, mwenye mikono mikubwa na sauti ya chini. Akaulizwa habari za paa. Akafikiri, akasema hajawahi kuliona kwa juu. Jumamosi akaja. Akapimwa mto, inchi mbili. Akaleta karatasi ya daktari kwamba ana afya. Kila kitu sawa, ila hakupanda.

Jumamosi ya kwanza alisema kuna upepo. Soksi ilikuwa imelala kama soksi. Ya pili tumbo lilimsumbua. Ya tatu alikuwa ametoka zamu. Baada ya hapo visingizio vikamwishia, akawa anakuja tu, anakaa kwenye benchi, anakunywa chai, anaangalia ndege zikienda na kurudi, anaaga. Ikawa ya nne, ya tano, mpaka ya nane. Hadithi ya mkoba alisimuliwa mara mbili. Mara ya kwanza alitabasamu. Mara ya pili, walipofika kwa mama mkwe, aliuliza swali.

"Mkoba ulikuwa wa rangi gani?"

"Mweusi," alisema Mama Foronya haraka.

"Wa ngozi?"

"Wa ngozi."

"Na uliufua au uliutupa?"

Katika miaka kumi na minane hakuna aliyewahi kuuliza mkoba uliishia wapi. "Birika linachemka," alisema Mama Foronya, akainuka. Birika lilikuwa baridi.

Jumamosi iliyofuata, ya mwisho kabla ya Mwalimu kuagwa, walikuwa wawili tu ofisini. Nje ndege ilikuwa mwanzo wa njia, fundi wa mabomba akiwa kwenye kiti cha rubani na mto wake wa maua. Injini ikapanda sauti. Mama Foronya akainama kuokota pini chini ya cherehani. Ndege ilipokwisha kuruka, akainuka akaendelea kushona.

"Dada," alisema mkunga, "nikwambie kitu usikasirike?"

"Ukishaniuliza hivyo nimeshakasirika."

"Ndege ikiondoka, pini zako huanguka. Kila ndege. Ikitua hazianguki."

Mama Foronya akakanyaga cherehani. Sindano ikapita hewani tup tup tup, maana hakukuwa na kitambaa chini yake.

"Nimekaa hapa Jumamosi tisa," mkunga aliendelea, sauti ile ile, ya mtu aliyezoea kuongea na watu wenye uchungu. "Kazi yangu ni kuangalia watu wanaoogopa. Mimi naogopa, kweli. Lakini tulio na hofu humu ndani tuko wawili. Hujawahi kupanda, dada."

Mguu ukasimama. Mama Foronya alitaka kusema pasi. Kwa bahati mbaya neno hilo alikuwa amelizoea sana, likamfika mpaka kwenye meno.

"Utaniharibia," alisema badala yake. "Wakijua, wote waliopanda kwa maneno yangu, wataniona mimi ni nani? Watu sabini na mmoja, Mkunga. Wengine walikuwa wanalia."

"Nimezalisha watoto, sijui idadi yao," alisema mkunga. "Mimi mwenyewe sikujaaliwa hata mmoja. Usiku mama anashika mkono wangu ananiuliza, dada, wewe ulipozaa uliumia hivi? Ningeweza kumdanganya. Angetulia. Namwambia sijazaa, sijui maumivu yako, ila nipo hapa na siondoki. Nao wanasukuma vile vile." Akanywa chai yake. "Wangepanda tu, dada. Hata bila mkoba."

Mama Foronya aliona aibu, na aliona hasira, na chini ya hayo yote aliona nafuu ambayo ilimkera kuliko vyote viwili. Mganga hajigangi, walisema wahenga, lakini wao hawakumwambia mganga afanye nini akikamatwa.

"Na wewe je?" akauliza mwisho. "Kwa nini hupandi?"

"Nakusubiri," alisema mkunga. "Nilijiambia, siku mama huyu atakapopanda, nami napanda. Sikujua nimejifunga kiasi gani."

Jumamosi ya kumuaga Mwalimu walikuja watu ambao uwanja ulikuwa umewasahau. Kinyozi alikuja na wajukuu. Muuza nyama alikuja na suti. Mwalimu wa hesabu alikuja na mto wake, akaukalia kwenye kiti cha plastiki ili kila mtu auone. Kulikuwa na keki, hotuba mbili za watu na moja ya Mwalimu, ambayo ilikuwa "Asanteni." Mwalimu mpya alisimama pembeni na jojo lake, akijaribu kutokuwa mrefu sana.

Mume wa Mama Foronya alikuwapo pia, mbali kidogo na uzio.

Watu walipoanza kukata keki, Mama Foronya aliingia ofisini. Alitoka na mto wa kijani mikononi na mkoba begani, mkoba wa kahawia wa kila siku. Alipita katikati yao akielekea bandani. Mazungumzo yakapungua, kisha yakaisha, kwa sababu kila mmoja pale alikuwa amewahi kuuliza ule mto ni wa nani, na kila mmoja alijua haujawahi kutoka rafuni.

"Yule mwanafunzi amerudi?" aliuliza kinyozi.

Mama Foronya akasimama. Angeweza kusema ndiyo na kuendelea kutembea. Alifikiria kufanya hivyo, tusimtukuze.

"Ni wangu," alisema. "Una miaka kumi na minane. Sijawahi kupanda, hata mara moja. Niliwadanganya."

Mwalimu wa hesabu alijitazama, kisha akautazama mto aliokuwa ameukalia.

"Na mkoba?" aliuliza, kwa sauti ya mtu anayekagua hesabu ya zamani.

"Mkoba ulikuwa wa muuza nyama."

Wote wakageuka. Muuza nyama akatafuna kipande chake cha keki taratibu, akameza, akajifuta mdomo.

"Nilikuwa nangoja tu unirudishie," alisema. "Miaka yote hiyo naisikia inasimuliwa nje, hata kwenye bucha langu. Mteja ananisimulia huku namkatia nyama. Mama mkwe wangu mwenyewe ananisimulia."

Kicheko kilianzia kwa kinyozi, kikazunguka. Hakikuwa kicheko cha kumfuta mtu aibu yote, na Mama Foronya alijua kwamba mmoja wawili pale watamkumbusha mpaka kaburini. Alijikaza kisabuni, akaendelea kutembea. Mkunga aliacha sahani yake akamfuata.

Mwalimu alikuwa tayari kwenye ndege. Hakuna aliyemwambia awe tayari. Alikwisha kumwaga mafuta kidogo kwenye kichupa kutazama kama yana maji, akaizunguka ndege kama alivyoizunguka maisha yake yote. Mkunga akapanda nyuma. Mama Foronya akaweka mto wa kijani kwenye kiti cha kushoto, chenye kitambaa alichokishona kwa mikono yake, akaukalia. Inchi tano. Aliona mbele vizuri kabisa, na hakupenda alichokiona, maana ilikuwa njia ndefu ya changarawe na mwishoni mwake hapakuwa na kitu.

Mwalimu akafunga mlango. Akamgeukia.

"Pasi umezima?"

Ndiyo mara ya kwanza katika miaka kumi na minane Mwalimu kulitaja lile neno. Mama Foronya akamtazama kuona kama anacheka. Hakuwa anacheka, au kama alikuwa anacheka, alikuwa akifanya hivyo kwa ndani kama mambo yake yote.

"Nimezima," alisema.

"Mikono weka mapajani. Miguu kwenye pedeli. Tupeleke."

Akaweka mikono mapajani. Miguu ikashuka ikakutana na pedeli mbili, na kwa mara ya kwanza asubuhi ile kuna sehemu ya mwili wake iliyojua iko wapi. Miguu ile ilikuwa imekanyaga cherehani tangu akiwa msichana. Ndege ikaanza kwenda. Ikataka kushoto, mguu wa kulia ukabonyeza kidogo. Ikataka kulia, wa kushoto ukaiambia hapana. Wakapita mbele ya watu wa keki, wakapita uzio, wakampita mzee wake aliyekuwa amesimama karibu na yale majani yake, na ndege ikaenda katikati ya njia, imenyooka kama mshono. Mzee akavua kofia. Akaishika kifuani kana kwamba jeneza linapita, lakini alikuwa na nia njema.

"Nani alikufundisha?" aliuliza Mwalimu.

"Panya wako," alisema Mama Foronya.

Mwanzo wa njia Mwalimu alichukua usukani, akaongeza moto. Changarawe zikagonga tumbo la ndege, zikagonga kwa kasi zaidi, Mama Foronya akafumba macho, akafumbua, akasema maneno ambayo hatuyaandiki, na ghafla changarawe zikanyamaza. Ndiyo jambo analolikumbuka mpaka leo. Si urefu, si mbingu. Ule ukimya wa chini, kama mtu aliyekuwa akigonga mlango akaacha.

"Tumetoka?" aliuliza.

"Tumetoka," alisema mkunga kutoka nyuma. Mkono wake mkubwa ulikuja ukakaa begani kwa Mama Foronya, ukamkamata kwa nguvu za watu wawili.

Mji ukalala chini yao kama vitambaa vilivyokatwa havijaunganishwa. Mwalimu akauliza nyumba iko wapi. Mama Foronya akatafuta kiwanda cha mbao, akatafuta shule, akafuata barabara kwa kidole, na kidole kikasimama. Paa lake. Mwenye kuuza habari za mapaa kwa miaka yote hiyo, akaliona la kwake. Lilikuwa dogo. Upande mmoja lilikuwa na kutu. Na katikati, juu ya chumba cha kulala, limewekewa jiwe lisipeperuke, palikuwa na beseni la bluu.

"Beseni langu," alisema.

Beseni lile lilipotea miaka miwili iliyopita, na kwa miaka miwili Mama Foronya alikuwa akimsalimia jirani yake kwa nusu mdomo, kwa sababu jirani alionekana siku ile karibu na kamba ya nguo. Akakumbuka sasa kwamba siku ile ile ndipo paa lilipoacha kuvuja, na kwamba mzee wake alisema amelitengeneza.

Akacheka. Alicheka mpaka mkanda ukambana, na machozi yakatoka, na alikuwa na furaha ambayo hakujua imekaa ndani yake muda wote huo ikimngoja. Mwalimu akageuza ndege upande waliangalie beseni vizuri. Hapo ndipo lilipokuwa kosa la Mwalimu. Dunia ikalala ubavu, tumbo la Mama Foronya likabaki lilipokuwa, akatafuta mfuko kila mahali, akaukosa.

Mkunga alimfungulia mkoba.

Walipotua, watu wote walikuwa wamesogea bandani. Mama Foronya alishuka wa kwanza, rangi imemtoka, mto wa kijani kwapani, mkoba wa kahawia ameushika kwa vidole viwili mbali na mwili. Muuza nyama akatazama mkoba. Akaelewa. Akainamisha kichwa kidogo, kama mtu anayekabidhi mali.

"Kitambulisho kilikuwemo?" aliuliza.

"Kilikuwemo."

"Sasa hadithi ni yako," alisema muuza nyama.

Mzee wake akaja akamchukulia mkoba bila kukunja pua. "Tukifika nyumbani tutaongea habari za beseni," Mama Foronya alimwambia polepole, na mzee akatazama pembeni, kule kwenye majani.

Mkunga hakushuka. Alikuwa amehamia kiti cha mbele, na mto wake wa inchi mbili ulikuwa umeshafika, hakuna aliyeona umeletwa na nani. Ingekuwa safari ya mwisho ya Mwalimu. Mama Foronya alirudi ofisini kunawa uso. Kisha akasimama mlangoni karibu na cherehani, na mwalimu mpya akaja akasimama pembeni yake.

Injini ikapanda sauti. Ndege ikaanza kukimbia juu ya changarawe. Kiwiko cha Mama Foronya kikagusa kikopo cha pini, safari hii kweli, kikaanguka, pini zikatawanyika sakafuni mpaka chini ya benchi. Hakuinama. Alisimama na pini miguuni akaitazama ndege mpaka ilipoacha ardhi, akaitazama ikipanda juu ya kiwanda cha mbao, akaitazama mpaka mwalimu mpya alipokohoa.

Mto wa kijani ulikuwa umerudi rafuni, mahali pake pale pale upande wa dirisha, maana sheria ni sheria, na mtu hachukui mto mpaka aende peke yake.

"Mama," alisema binti, akiutazama, "huu wa mwisho hauna kikaratasi. Ni wa nani?"

"Wa mwanafunzi mmoja aliyekuwa amesafiri," alisema Mama Foronya. "Amerudi. Mwandike apande na wewe Jumamosi ijayo, saa mbili asubuhi. Na hilo jojo uliteme kwanza."